Mguu Ulionitangulia

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa leo asubuhi kwamba mguu wake hauna budi kukatwa. Huenda amelala anatazama dari, ndugu wamemzunguka na kila mmoja ana neno lake. Mie si mganga. Mie ni fundi cherehani wa Temeke, jina langu Athumani, na ninayoyajua ni yale yaliyonipata, basi. Tena nimechoka kuyasimulia kwa mdomo. Kila anayeniona na gongo huniuliza, nami huanza upya tangu mwanzo. Afadhali niandike, anayetaka asome.

Mwanzo wenyewe ni baiskeli.

Vita ya pili ya Wazungu ilikuwa imekwisha, baiskeli zimejaa mjini, na vijana wa Temeke, Ilala na Kinondoni tulikuwa na mchezo wetu. Jumapili alasiri tulikuwa tukienda milima ya Pugu. Tunapanda tukisukuma baiskeli, jasho linatutoka, na tukifika juu tunafungua breki kwa spana. Halafu tunashuka. Sie tuliuita mchezo huo kushuka kavu. Anayegusa ardhi kwa mguu kabla ya kufika tambarare ameshindwa. Hapakuwa na kombe wala zawadi. Aliyeshinda alitembea mitaani kichwa juu mpaka Jumapili nyingine, yamekwisha.

Wazee walituita wehu. Kaka yangu Ramadhani, kuli wa bandarini, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa hataki hata kuisikia habari hiyo. Mke wangu Zuhura hakusema kitu. Akinisikia natoa baiskeli ukumbini, huingia jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Niliumia wakati wa vuli. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, maji yakachimba mfereji kukata barabara, nasi hatukwenda kuitazama njia kwanza. Mbele yangu alikuwa Petro, rafiki yangu, karani wa reli aliyetoka bara na kupanga chumba Kinondoni. Petro aliuona mfereji akainua baiskeli akaruka. Mie sikuruka. Nakumbuka nimelala kifudifudi, mdomo umejaa udongo mwekundu, naona aibu kwa sababu nimegusa ardhi. Ndipo nikauona uso wa Petro akiutazama mguu wangu wa kushoto, nikafahamu kwamba nisiutazame.

Alivua shati lake jeupe la kanisani akaufunga. Wakanipakia juu ya magunia ya mkaa katika lori lililokuwa linaelekea mjini. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo nalikumbuka.

Hospitalini waliunyoosha mfupa, wakaufunika mguu kwa plasta nyeupe, ile watu wanayoiita hogo. Nikalala wodini, halafu nikaruhusiwa kurudi nyumbani na magongo mawili, na amri ya kurudi kila mara kuonwa. Hapo ndipo nilipoanza kuyafahamu mabenchi.

Mwenzangu, ugonjwa mwingi ni benchi. Watu hawakwambii. Wanakwambia habari ya kisu na sindano, lakini kisu ni mara moja na sindano ni kufumba macho. Benchi ndilo linalokula umri wako. Upande wetu Waafrika yalikuwa barazani, mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu, na jua la asubuhi linakupiga usoni hadi lipande juu ya paa. Unakuja alfajiri ili uwe wa mbele, unakuta wengine wamelala hapo hapo. Na walio benchini wanaulizana.

"Wewe una nini?"

"Mguu."

"Nyoka?"

"Baiskeli."

"Masikini! Ulikuwa unakwenda wapi?"

Swali hilo lilinichosha kuliko maumivu. Ningesema nilikuwa nakwenda kazini, wangenipa pole na kunisogezea nafasi ninyooshe mguu. Ningesema nampelekea mama dawa, wangenililia. Lakini nilikuwa siendi popote. Nikisema nilikuwa nashuka tu Pugu bila breki, naona nyuso zinafungwa. "Aa," mmoja alisema, mama mwenye mtoto wa homa mgongoni. "Basi huumwi wewe. Umejitakia." Akageukia upande wa pili.

Kuna wagonjwa wanaohurumiwa na wagonjwa wanaokaripiwa. Mie nilikuwa wa kundi la pili, na kama nawe ni wa kundi hilo, nakwambia mapema: maumivu ni yale yale. Mfupa haujui ulivunjikia wapi.

Kaskazi ikaingia na joto lake. Ndani ya hogo mguu ukawa unawasha hata nikatamani kulia, nikawa naingiza kijiti cha ufagio nijikune. Halafu muwasho ukaisha, ikaja harufu. Zuhura ndiye aliyeisikia kwanza. Aliinusa shuka, akanusa mto, akashuka taratibu hadi kwenye mguu. Kesho yake Petro alikuja na baiskeli yake, akanikalisha kwenye keria, akanisukuma kwa miguu toka Temeke mpaka hospitali, yeye anatembea ameshika usukani, Zuhura nyuma amenishika mgongo. Hakuipanda hata kwenye tambarare.

Walipolikata hogo nikauona mguu wangu. Ulikuwa umekonda kama mkono wa mtoto, ngozi imekuwa majivu, na juu ya muundi pana tundu linalotoa usaha. Walisafisha, wakanilaza tena, wakaanza sindano za penisilini. Nikapata nafuu, tundu likafunga, nikarudi nyumbani. Masika yalipoanza likafunguka. Nikarudi wodini. Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokwenda: tundu likifunga niko Temeke, likifunguka niko wodini, na mtoto wetu Mwajuma akawa anaogopa kunikaribia, kwa sababu kila akinizoea naondoka.

Zuhura alikuja wodini kila siku waliporuhusu. Alitoka Temeke kwa miguu, bakuli la chakula kichwani limefungwa kwa kitambaa, mvua au jua. Alianza kukonda. Vidole vyake vya miguu viliota sugu, na khanga zake zikapauka pindoni kwa matope. Hakuwahi kunilaumu, nami nikawa naingoja hiyo lawama kama mtu anayengoja radi baada ya kuuona umeme.

Siku moja alikaa kando ya kitanda, akanitazama nikila, akasema, "Nataka kukuuliza, na usinijibu kwa mzaha."

"Uliza."

"Ulikuwa unapata nini kule?"

Niliweka kijiko chini. "Hutanielewa."

"Nieleze tu. Nimetembea toka Temeke. Walau nijue natembea kwa sababu gani."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kutwa nzima nakaa kwenye baraza la duka la Mhindi, kichwa kimeinama, napima viuno vya watu. Mwenye duka ananiita boi. Mzungu akija kushonewa suruali ananiita boi. Askari ananiuliza natoka wapi. Lakini ukiwa juu ya mteremko, ukiinua mguu toka ardhini, masikio yanajaa upepo, hakuna anayeweza kukuita, na hata akikuita humsikii. Unaogopa, ndiyo. Lakini ile hofu ni yako mwenyewe, hukupewa na mtu. Na ukifika chini mzima, dunia yote inaonekana imeoshwa.

Zuhura akawa anakunja kitambaa cha bakuli, anakikunjua, anakikunja.

"Wewe ulikuwa unaona dunia imeoshwa," akasema. "Mie nilikuwa nakuona umeoshwa wewe, umelazwa, unangojewa jeneza. Kila Jumapili. Ukirudi mzima nafurahi, halafu nakasirika kwa sababu nimefurahi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha?"

Hakungoja jibu. Alichukua bakuli, akanifuta mdomo kwa upindo wa khanga, akaondoka. Lakini tangu siku ile tuliweza kuzungumza. Katika mwaka ule wote hiyo ilikuwa dawa ya kwanza iliyonifaa.

Kitanda cha jirani alilala mgema mmoja wa Mbagala, Mzee Kibwana. Alianguka mnazini, mguu ukavunjika karibu sawasawa na wangu, na usaha ulimtoka vile vile. Watu walijaa kitandani kwake. Walimletea maembe, wakamsomea dua, wakamshika mkono. "Mzee wa watu, alikuwa anatafuta riziki," walisema, kisha wananitazama mie kwa pembe ya jicho.

Yeye mwenyewe aliyaona hayo, akawa anacheka. "Athumani," aliniambia, "usiwasikilize. Mie nimepanda minazi tangu ujana. Unafikiri nilipanda kwa riziki tu? Kuna minazi mifupi kwetu, ningeweza kugema hiyo hiyo. Nilikuwa natafuta ule mrefu kuliko yote, ambao wenzangu wanauogopa. Ukifika juu unaona bahari yote, na walio chini wamekuwa kama siafu." Akaninyooshea kidole. "Tofauti yangu na wewe ni moja. Mie nilikuwa nikishuka na tembo. Watu wakinywa tembo, mwendawazimu anageuka mchapa kazi."

Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Ilikuwa zamani sijacheka.

Masika yalipokuwa yanakaribia kwisha, daktari alipita kwetu sote wawili asubuhi moja. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye macho ya usingizi. Alibonyeza mguu wa mzee, akabonyeza wangu, akasema maneno machache. Dresa, yule mfunga vidonda aliyefuatana naye, kijana wa Kimakua, alitufasiria huku akitazama miguu yake mwenyewe.

"Anasema sindano zimeshindwa. Ubovu umo ndani ya mfupa. Anataka kukata, chini ya goti. Mkikubali sasa, goti linabaki. Mkingoja, goti nalo litakwenda. Mkingoja zaidi..." Hakumaliza.

Ndugu za Mzee Kibwana walikuja kesho yake, watu wazima wenye heshima zao, wakasema mzee wao hawezi kufanywa kigutu katika umri ule. Wakamchukua nyumbani wakajaribu dawa za miti. Alipobebwa kupita kitandani kwangu alinikonyeza. Kabla mwezi haujaandama tulisikia amekufa. Dresa ndiye aliyeniambia. Shuka la kitanda chake lilikuwa limekwisha tandikiwa mtu mwingine.

Kwetu pia kikao kilikaa. Kaka Ramadhani alikuja na kanzu ya Ijumaa, mama naye akaletwa, akakaa sakafuni miguuni pangu, ameushika ule mguu wangu mbovu juu ya bandeji kama anayemshika kuku asikimbie.

"Hapana," kaka akasema. "Baba alizikwa na viungo vyake vyote. Tungoje. Mungu ndiye mponyaji. Zitafutwe sindano nyingine, aandikiwe na kombe la aya anywe, tungoje mpaka mwezi wa mfungo upite."

"Shikamoo kaka," nikasema, maana alikuwa ameingia kwa ghadhabu bila salamu. "Naomba niseme."

"Marahaba. Sema."

"Kaka, nilipokuwa nashuka Pugu uliniita mwehu. Ulisema mtu mwenye akili hajitupi mahali asipojua atasimama wapi."

"Nilisema, na nilisema kweli."

"Basi sasa wewe ndiye unayenisukuma mteremkoni. Kungoja huku ndiko kushuka kavu. Mzee Kibwana alingojeshwa. Ninyi nyote mnaona kukata ndiyo hatari na kulala hapa ndiyo salama, kwa sababu kulala hakuna kelele. Mie nimeshuka mara nyingi, kaka. Naujua mwendo unaokwenda kwenye mfereji."

Mama akaanza kulia. Kaka alisimama. Nilidhani atanipiga, kitandani hapo hapo.

"Na akifia kwenye kisu?" aliuliza, lakini hakuniuliza mie. Alimtazama Zuhura.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni muda wote, ushungi umefunika nusu ya uso. "Shemeji," akasema, "nimezoea kumngoja arudi. Nitangoja mara moja nyingine. Lakini kumtazama anaoza siwezi."

Kaka akatoka bila kuaga. Nami nikamwambia dresa, mwambie daktari nimekubali.

Sitakueleza kisu, kwa sababu sikukiona. Walinifunika pua kwa kitambaa chenye dawa ya harufu tamu, nikasikia kengele mbali, nikaamka kinywa kimekauka. Nilitazama chini. Upande wa kulia shuka liliinuka mpaka mwisho wa kitanda. Upande wa kushoto lilikwenda mpaka kati, likalala. Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni, lakini kilichonijia kwanza ni wepesi. Homa iliyonikaa mwilini tangu kaskazi ilikuwa imeondoka. Nililala usingizi wa mtoto.

Huzuni ilikuja baadaye, nawe uitegemee. Itakuja kwa mlango wa nyuma. Mie ilinijia siku Zuhura aliponiletea viatu vyangu vyote viwili kwa mazoea, akasimama navyo mkononi. Ilinijia pia vidole visivyokuwapo vilipowasha, nami nikanyoosha mkono kuvikuna nikashika godoro. Usiogope jambo hilo, wala usifikiri umerogwa. Wengi wa benchini wameniambia nao huwashwa hivyo. Kuwashwa huko hupungua, ingawa hakuishi kabisa.

Petro alinijia kipupwe kilipokuwa kinavuma, amevaa sweta la bara ambalo watu wa Dar humcheka nalo. Alinikalisha barazani kwangu, tukanywa chai. Nikamwuliza, "Bado unashuka?"

"Ninashuka," akasema.

"Kavu?"

Alitazama ndani ya kikombe. "Kavu. Nilijaribu kushuka na breki baada yako, nikashindwa. Unanikasirikia?"

Niliutafuta moyoni ukali wa kumwambia, sikuupata. Nilipata uchovu tu. "Sikukasirikii," nikamwambia. "Lakini mtafute mwanamke anayeosha vyombo safi, umuulize anaosha nini." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwa Kizaramo. Hana mke bado. Siku moja atanielewa, au hatanielewa.

Watu wa mtaani hutaka niwaambie vijana kwamba najuta. Hunitumia kama mfano, "mtazameni Athumani." Siwezi kusema najuta kama wanavyotaka, wala siwezi kumwambia mtu apande Pugu. Ninachojua ni kwamba hofu ile niliichagua peke yangu, na uchungu wake tuliugawana watu wengi. Hilo nalifikiri sana nikiwa kwenye cherehani. Nakanyaga kwa mguu mmoja sasa. Mwanzoni nilikuwa nachoka haraka na mshono unapinda, siku hizi hata mwenye duka hajui suruali ipi niliishona kabla na ipi baada.

Sasa nikwambie habari ya kaka.

Tangu siku ya kikao hakukanyaga wodini. Nilipotoka hospitali hakuja nyumbani. Nilifikiri amenitupa. Mama ndiye aliyeniambia, baadaye sana, kwamba siku ya kisu kaka alikuwa barazani hospitalini tangu alfajiri, benchini. Walipotoka na ule mguu alikwenda kuwaomba. Akaufunga kwa bafta nyeupe aliyoinunua mwenyewe, akaubeba kifuani mpaka Temeke, akachimba kwenye makaburi yetu, karibu na baba, akauzika.

Masika ya pili yalipoanza, nikiwa nimekwisha pewa mguu wa mti na kujifunza kuutembelea, kaka alikuja asubuhi. Alisimama uani.

"Unaweza kutembea mpaka makaburini?"

"Polepole."

"Basi twende."

Tulikwenda. Mahali penyewe palikuwa padogo, kama pa mtoto mchanga, na alikuwa ameweka jiwe. Nilisimama nikakitazama kile kipande cha ardhi, sikujua mtu husoma dua gani kwa mguu wake mwenyewe. Kaka alisoma Fatiha kwa ajili ya baba, tukaitikia amina sote wawili.

"Nilipokuwa nachimba," akasema bila kunitazama, "nilikuwa nakutukana. Kila jembe likiingia, nakutukana. Nilitukana mpaka shimo likawa kubwa kuliko inavyotakiwa. Nikatazama lile shimo, nikaona limebaki kidogo tu likutoshe wewe. Nikashukuru. Nikafukia."

Nilimshika bega.

Tulipokuwa tunarudi mvua ilinyesha, na bondeni njia ilikuwa imefunikwa na maji mekundu. Mguu wa mti haupendi matope, huzama na kukwama. Nilisimama ukingoni nikitafuta pa kupita. Kaka alivua viatu, akakunja suruali, akanigeuzia mgongo akachuchumaa.

"Panda."

"Kaka, mie mtu mzima. Watu watatuona."

"Watuone."

Nilimpa gongo alishike, nikamkumbatia shingo, nikapanda. Aliinuka kwa mguno, akaingia majini, akawa anapapasa chini kwa kidole cha mguu kabla ya kila hatua.